Namna ya Kuiona Ila Iliyojificha

Zaburi ya 19 huanza mbinguni ikaishia moyoni. Mtunzi wake aliinua macho akalitazama jua likitoka upande mmoja wa mbingu na kuzunguka hata upande wa pili, akatamka kwamba hapana kitu kiwezacho kujisitiri na hari yake. Kisha akaisifu sheria ya Mungu kwa ukamilifu na usafi wake. Na baada ya kuzitazama nuru mbili hizo, ile ya angani na ile ya kitabuni, akageuka ghafula, katika aya ya 12, akauliza ni nani awezaye kuyatambua makosa yake mwenyewe, akaomba asafishwe na yale asiyoyajua. Wengi huipita aya hiyo mbio kwa kuwa ni fupi. Mimi naona kuwa ndiyo iliyoibeba zaburi nzima, maana mtu aliyekwisha kukiri kwamba hapana kifichikacho kwa jua hawezi tena kudai kuwa ndani yake hamna chumba chenye giza.

Kabla ya kukiingia chumba hicho, na tutenganishe mambo mawili ambayo aghalabu watu huyachanganya. Liko kosa ambalo mtu analijua vema akalificha kwa watu: mwizi anajua kuwa ni mwizi, na mzinzi anaijua njia aliyopita usiku. Kosa la namna hiyo halihitaji mwongozo, lahitaji ushujaa. Lakini iko ila ambayo mwenyewe haijui, au aliijua zamani akaizoea hata ikawa kama harufu ya nyumba yake, ambayo mgeni huisikia mlangoni na mwenyeji hakuisikia tangu utoto. Hiyo ndiyo wahenga waliyoisemea kwa nyani asiyeona kundule, mithali ambayo kila mtu huikumbuka kwa ajili ya jirani yake. Torati haikuihesabu ila hiyo kuwa jambo dogo. Mlango wa 4 wa kitabu cha Walawi umetengwa kwa dhambi itendwayo pasipo kukusudia, na sadaka zake zimepangwa kwa daraja: kuhani aliyetiwa mafuta alipaswa kutoa ng'ombe mume mchanga, na mkutano mzima wa Israeli vivyo hivyo, mtawala alitoa mbuzi dume, na mtu wa kawaida alitoa mbuzi jike, au mwana-kondoo jike. Itazame mizani hiyo. Kadiri mtu alivyopanda cheo ndivyo sadaka ya kosa lake la siri ilivyokuwa nzito, na kuhani, mtu mmoja, alilinganishwa na taifa zima. Basi mwenye kuongoza wengine, awe baba wa nyumba, mwalimu, mzee wa kanisa au mwandishi wa makala kama hii, na afungue Maandiko akiwa na hadhari hiyo.

Shauri langu la kwanza litawashangaza baadhi ya wasomaji: usianze na amri. Mtu aisomaye orodha ya amri kumi kwa nia ya kujihukumu ni kadhi, mshitakiwa na shahidi katika baraza moja, wala hapana muujiza hukumu yake ikitoka nyepesi. Sikuua, sikuiba, sikuabudu sanamu. Kitabu hufungwa, na dhamiri hulala. Yule kijana tajiri katika Mathayo mlango wa 19 alizisikia amri zikitajwa akajibu, bila haya na pengine bila uongo, kwamba zote amezishika. Ila yake haikuonekana katika amri zile alizotajiwa. Ilionekana alipoambiwa auze mali yake, akaenda zake kwa huzuni. Na huzuni ile ndiyo iliyomwambia yeye na sisi mahali ulipokuwa moyo wake.

Anza na hadithi. Nabii Nathani alilijua jambo hilo. Mfalme Daudi alikuwa amemtwaa Bathsheba, mke wa Uria Mhiti, na ili kuyafunika yaliyotendeka akampa Uria barua ya kumpelekea Yoabu vitani, barua ambayo ndani yake mlikuwa na kifo cha mchukuzi wake. Mambo haya yamo katika Samweli wa Pili mlango wa 11. Nathani alipokuja, katika mlango wa 12, mtoto alikuwa amekwisha kuzaliwa. Yaani miezi mingi ilikuwa imepita ambayo mfalme aliamka, akala, akaamua kesi za watu, na kwa yamkini akasali, wala hatuambiwi kuwa aliusikia mchomo wowote. Nabii hakumsomea amri ya sita wala ya saba, ambazo mfalme alizijua kuliko yeye labda. Alimsimulia habari ya tajiri mwenye kondoo na ng'ombe tele, na maskini mwenye mwana-kondoo mmoja tu aliyemnunua na kumlea pamoja na wanawe, akila tonge lake, akinywea kikombe chake, akilala kifuani pake kama binti. Na jinsi tajiri alivyofikiwa na mgeni akaona uchungu kuchinja katika mifugo yake, akamtwaa mwana-kondoo wa maskini. Daudi akawaka hasira. Akaapa kwamba mtu huyo anastahili kufa, na ya kuwa atamlipa maskini mara nne. Hiyo mara nne hakuibuni: ndiyo sheria ya kondoo aliyeibwa katika Kutoka mlango wa 22. Mfalme aliyesahau sheria ya kuua mtu aliikumbuka sawasawa sheria ya kondoo! Ndipo Nathani akamwambia kuwa mtu yule si mwingine ila yeye.

Nimekaa na mlango huo miaka mingi, na jambo moja lililonikaa ni hili, kwamba ila ya Daudi ilifichuliwa na hasira yake mwenyewe. Mwanadamu huona haraka kwa mwenzake kosa ambalo yeye mwenyewe amelizoea, kwa kuwa anaijua sura yake, mwendo wake na hila zake. Hasira inayopita kiasi juu ya kosa la mtu mwingine, hasa mtu wa kitabuni asiyekudhuru chochote, aghalabu ni shahidi aliyekuja barazani pasipo kuitwa.

Basi fanya hivi. Chagua hadithi moja kwa juma, wala usichague zile unazozipenda. Isome mara ya kwanza kwa sauti. Mara ya pili isome ukiwa na kalamu ya risasi mkononi, ukatie alama ndogo pembeni kila mahali moyo ulipopata moto: ulipochukia, ulipofurahi kuwa fulani amelipwa anachostahili, na hasa uliporuka aya mbili tatu kwa kuzidhania kuwa unazijua. Usijiulize hadithi yafundisha nini. Swali hilo tumelijibu tangu madarasa ya utotoni na majibu yake tunayo mdomoni. Jiulize ni nani aliyekukera, kisha rudi mwanzo usome mara ya tatu ukisimama mahali pake yeye, ukiyasema maneno yake kana kwamba ni yako. Mwanzo mlango wa 38 wafaa sana kwa kazi hii, ambapo Yuda aliamuru mkwewe Tamari atolewe achomwe moto kwa uzinzi, hata alipoletewa muhuri, kamba na fimbo, akavitambua kuwa ni vyake. Wafaa pia mlango wa 4 wa Yona, na yule kaka mkubwa wa Luka 15 aliyesimama nje ya nyumba akiisikia ngoma.

Nami sitakuficha yaliyonipata. Zamani, katika kijiji nilichokaa, niliwaandikia barua wazee wasiojua kuandika, waliokuwa na wana wao kwenye mashamba ya mkonge na bandarini. Sikutoza hata senti moja, nikiitaja kazi hiyo kuwa ni huduma ya mapendo. Katika siku hizo hizo niliwafundisha watoto kanisani, na ikafika zamu ya Wafalme wa Pili mlango wa 5: Elisha amekataa zawadi za Naamani aliyeponywa ukoma, na mtumishi wake Gehazi akamkimbilia Naamani nyuma kwa uongo mtamu, akaomba talanta moja ya fedha na mavazi mawili, akapewa talanta mbili. Nilimsema Gehazi kwa ukali uliowafanya watoto waangaliane. Nilirudi nyumbani ningali nikimsema. Mke wangu alikuwa amekaa kibarazani akipepeta mchele, akaniacha nimalize, akauweka ungo chini, akaniuliza, "Bwana, huyo Gehazi alikukosea nini wewe?"

Nilicheka. Lakini swali lile lilikataa kuondoka, na usiku nikamwona mbele yangu bibi mmoja aliyefika juzi yake na mayai sita yaliyofungwa katika pindo la kanga. Nilimwambia, "La, bibi, usijisumbue," na mkono wangu ulikuwa umekwisha kunyooka. Barua yake iliondoka siku ile ile. Kisha nikamwona mzee mwingine, ambaye hakuwa na kuku wala shamba la maana, naye alikuja mara tatu na kuondoka mara tatu, akishukuru kila mara, kwa kuwa nilimwambia kuwa wino umekwisha. Kichupa cha wino kilikuwa dirishani, na hakikupungua nusu. Gehazi walau alikimbia jasho likimtoka na alijua anachokikimbilia. Mimi nilikaa kitini nikangoja kiletwe, nikaiita huduma.

Urudie ule wino, msomaji, maana ndani yake mna shauri la pili. Sikusema kuwa sitaki kumwandikia mzee yule. Nilisema kuwa wino umekwisha, kana kwamba wino una hiari yake. Maandiko yanaijua sana lugha ya namna hiyo. Katika Kutoka mlango wa 32 tunasoma kwamba Haruni alizipokea pete za dhahabu kwa watu, akaitengeneza sanamu ya ndama kwa patasi; lakini alipoulizwa na Musa, alieleza kuwa aliitupa dhahabu motoni, akatoka ndama. Akatoka mwenyewe! Patasi haitajwi tena. Na Sauli katika Samweli wa Kwanza mlango wa 15, aliyeagizwa asisaze kitu cha Waamaleki, alimlaki Samweli kwa baraka na habari kwamba agizo limetimizwa, ilhali nyuma yake kondoo walikuwa wakilia. Samweli hakubishana naye, aliuliza tu hiyo sauti ya kondoo ni ya nini. Jibu la Sauli lastahili kusomwa na kila mtu aijuaye sarufi: waliowaleta kondoo walio wema ni watu, tena kwa ajili ya kumtolea Mungu sadaka; lakini waliosalia, hao tumewaangamiza sisi. Kwa kosa kiambishi ni *wa-*, na kwa utii kiambishi ni *tu-*.

Kiswahili chetu kina hazina kubwa ya vitenzi vya kumsitiri mtendaji, na sijui kama iko lugha imfaayo mwenye hatia kuliko hii. Sahani imevunjika, fedha zimepotea, neno lilinitoka, ulimi uliteleza, nilipitiwa. Hapana uongo katika maneno hayo, wala hamna kweli. Basi twaa ugomvi mmoja wa juma hili, mkubwa au mdogo, uuandike kwa mistari kumi kama ungemweleza rafiki yako, kisha uzungushie duara kila kitenzi kisicho na mtu na kila *wao* na *wale*. Andika tena mistari ile, ukirudisha mtendaji mahali pake: niliivunja sahani, nilizitumia fedha, nilisema. Utaona kuwa mistari mingine inaandikika kwa shida, mkono unazubaa, na hapo ndipo penye kondoo wanaolia. Zoezi hili lifanye peke yako na karatasi uichane. Si hati ya mahakama.

Iko ila ambayo hata kalamu haiifikii, na kwa hiyo lazima kuwe na mtu wa pili. Yesu, ambaye Marko mlango wa 6 humwita seremala, aliitwaa mifano ya mbao aliposema habari ya kibanzi katika jicho la ndugu na boriti katika jicho la mwenyewe, Mathayo mlango wa 7. Watu wa pwani hawahitaji kufafanuliwa neno boriti. Miti ya mikoko iliyokatwa Rufiji na Lamu na kupakiwa majahazini hata Arabuni ndiyo iliyoshika dari za nyumba za mawe, na upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Nimewaza mara nyingi kuwa boriti ya jichoni nayo ndivyo ilivyo: haimzuii mtu kuona tu, bali hushikilia dari ya nyumba yake ya ndani, na ndiyo sababu hataki iguswe. Mimi sifa yangu ya ukarimu kijijini ilikaa juu ya mayai yale. Aidha, Yesu hakuamuru kibanzi cha ndugu kiachwe. Alisema boriti itangulie kutoka, ndipo mtu atakapoona vema. Wako wanaolitumia fungu hilo kuwanyamazisha wenye kuwaonya, na hao nao wana boriti.

Mtu huyo wa pili na awe mwenye kukupenda, asiyetaraji kitu kwako, na ajuaye kunyamaza. Usimwulize kama una kosa, kwa maana adabu yetu itamlazimu ajibu kuwa huna neno. Mwulize jambo lenye mipaka: ni tabia gani yangu ambayo watu wa nyumbani wameizoea kwa taabu? Akijibu, mshukuru, wala usijitetee siku hiyo, hata kama unazo hoja kumi. Hoja zikingali njema baada ya siku saba, mrudie. Mithali mlango wa 27 huyaita majeraha ya rafiki kuwa ya kuaminika, nami naongeza kwamba jeraha halifungwi kwa maelezo.

Wakristo wa nchi zetu walipata kulijaribu jambo hili kwa upana. Uamsho ulioanza Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika, uliwakusanya watu waliojiita ndugu, wakasimama kila mmoja kuyaweka mambo yake nuruni, kwa kuifuata aya ya 7 ya mlango wa kwanza wa Waraka wa Kwanza wa Yohana. Ndoa nyingi na madeni mengi yalitengenezwa kwa njia hiyo, na mficha uchi hazai. Walakini nimesikia pia ushuhuda uliosimuliwa mara nyingi hata ukalainika kama mpini wa jembe, na dhambi ya zamani ikawa pambo la msemaji. Ila ya leo isemwe kwanza kwa yule iliyemdhuru. Mkutano waweza kungoja.

Sasa neno la hadhari, ambalo naomba lisirukwe. Si kila taabu ni alama ya ila ya siri. Elifazi, Bildadi na Sofari waliketi na Ayubu siku saba kimya, wakafanya vema. Kisha wakafungua vinywa, wakaanza kumtafutia kosa lililofichika ambalo kwalo msiba wake ungeeleweka. Mlango wa 42 unaeleza kuwa Mungu aliwakasirikia wao. Mwenye kufiwa, mwenye maradhi, mke apigwaye na mumewe, asiambiwe ajichunguze atambue alilokosea. Na akijiambia hivyo mwenyewe usiku wa manane, na afunge kitabu alale. Paulo naye aliwaandikia Wakorintho, katika Waraka wa Kwanza mlango wa 4, kwamba hajui neno lolote juu ya nafsi yake, lakini hahesabiwi haki kwa hilo, kwa maana amhukumuye ni Bwana. Akaendelea na kazi yake. Kujichunguza kusiko na mwisho ni njia nyingine ya kujitazama, na Yakobo katika waraka wake alitaja kioo ili mtu aondoke mbele yake akatende.

Ukiipata ila moja, ipe jina lake halisi, wala usiwinde ya pili. Ignatius wa Loyola, katika kitabu chake cha mazoezi ya kiroho kilichoidhinishwa na Papa mwaka 1548, aliwashauri watu wachore mistari miwili kwa kila siku ya juma, mmoja wa mchana na mmoja wa jioni, na kutia nukta kwa kila mara walipoanguka katika kosa lile moja walilolichagua, kisha walinganishe siku na siku, na juma na juma. Daftari la shule latosha. Nilipofanya hivyo kwa ila ya Gehazi, juma la kwanza nukta zilikuwa nyingi kuliko nilivyodhani ningeweza kukosa.

Kisha lipa. Zakayo wa Luka mlango wa 19 aliahidi kurudisha mara nne kwa kila aliyemdhulumu, hesabu ile ile ambayo Daudi alimkatia mtu mwingine kwa hasira, safari hii mtu akijikatia mwenyewe kwa furaha. Yule mzee nilimfuata kwake asubuhi na kichupa cha wino mkononi, nikamweleza kuwa wino haukuwa umekwisha. Alinitazama kitambo, akanikaribisha kitini. Nilimwandikia barua nne kwa muda wa miezi miwili, na stempu nilinunua mimi. Ya nne hakuwa na habari ya kumpa mwanawe, akaniambia niandike tu kuwa mvua imenyesha.